Bima ya nyumba: Jinsi ya kuuelewa mkataba na kupunguza gharama bila kupoteza kinga

Kwa familia nyingi nchini, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote. Hujengwa kwa miaka mingi: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka unaofuata, kuta na bati kadiri fedha zinavyopatikana. Hata hivyo, moto wa usiku mmoja, radi au mvua kubwa inaweza kuondoa kazi ya miaka 15. Tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 10, 2016, maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 katika mji wa Katesh wilayani Hanang', na Kimbunga Hidaya kilichofika katika pwani ya kusini Mei 2024 ni matukio yaliyoonesha kuwa hasara ya makazi haichagui mkoa wala kipato.

Bima ya nyumba ni makubaliano ambayo mwenye mali hulipa ada kwa kampuni ya bima, kwa kawaida kwa mwaka mmoja, na kampuni huahidi kumlipa fidia iwapo mali hiyo itapata hasara kutokana na majanga yaliyotajwa katika mkataba. Tofauti na bima ya chombo cha moto, ambayo ni ya lazima kisheria, bima ya makazi ya mtu binafsi ni ya hiari, isipokuwa pale benki inapoiweka kuwa sharti la mkopo. Kwa sababu ni ya hiari, wananchi wengi huiacha kwa kudhani ni ghali. Wengine huikata kwa haraka na hugundua upungufu wa mkataba siku ya hasara.

Makala haya yanaeleza namna bima hiyo inavyofanya kazi, mahali ambapo mwananchi anaweza kuokoa fedha, na mahali ambapo kuokoa fedha huwa hasara.

Mambo matatu yanayokingwa

Mkataba kamili wa bima ya nyumba huwa na sehemu tatu, na kila sehemu inaweza kukatwa peke yake.

Sehemu ya kwanza ni jengo lenyewe: kuta, paa, sakafu, milango, madirisha, mifumo ya maji na umeme iliyojengewa ndani. Uzio, geti, kisima, tangi la maji, nyumba ya mlinzi na paneli za umemejua huweza kuingizwa hapa, lakini si vyema kudhani vimo. Vinapaswa kutajwa kwa maandishi.

Sehemu ya pili ni vitu vilivyomo ndani: samani, jokofu, televisheni, nguo, vyombo vya jikoni na vifaa vingine vya familia. Vito, fedha taslimu na kompyuta mpakato mara nyingi huwekewa ukomo maalumu wa fidia, au hutakiwa kuorodheshwa kimoja kimoja pamoja na thamani yake.

Sehemu ya tatu ni dhima kwa watu wengine. Endapo ukuta wa nyumba utaangukia gari la jirani, au mgeni ataumia kwa sababu ya uzembe unaomhusu mwenye nyumba, sehemu hii hugharamia fidia anayodaiwa, hadi kiwango kilichoandikwa.

Mgawanyo huu ndio mwanzo wa kuokoa fedha. Mpangaji hana sababu ya kulipia bima ya jengo, kwa kuwa hilo ni jukumu la mwenye nyumba. Anachohitaji ni bima ya vitu vyake na, akipenda, dhima kwa wengine. Aidha, mpangaji anapaswa kuelewa kuwa bima ya mwenye nyumba haitamlipa godoro wala jokofu lake. Mwenye nyumba ya kupangisha naye hana haja ya kukatia bima vitu visivyo vyake. Kwa aliyenunua sehemu katika jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, ni muhimu kuuliza kwanza iwapo umoja wa wamiliki umekwisha kulikatia bima jengo lote, ili asilipie kitu kimoja mara mbili.

Majanga yaliyomo na yasiyokuwemo

Mkataba wa msingi kwa kawaida hukinga moto, radi na milipuko. Dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi, kupasuka kwa mabomba, fujo, kugongwa na gari na wizi wa kuvunja huweza kuwa ndani ya mkataba au kuongezwa kwa ada ya ziada, kutegemea kampuni. Kwa hiyo jina la bima pekee halitoshi. Mikataba miwili yenye jina moja inaweza kukinga mambo tofauti.

Kinachofaa kununuliwa hutegemea mahali. Mkazi wa bonde linalofurika jijini Dar es Salaam asiyekuwa na kinga ya mafuriko amelipia karatasi isiyomsaidia katika hatari inayomkabili zaidi. Kwa mkazi wa Bukoba, kifungu cha tetemeko la ardhi kinastahili kusomwa kabla ya vingine. Katika maeneo yenye radi nyingi, kama yale ya Kanda ya Ziwa, ni vyema kuuliza iwapo uharibifu wa vifaa vya umeme unaotokana na radi umo.

Yapo pia mambo ambayo mikataba mingi huyaacha nje. Uchakavu wa kawaida, kutu, unyevu unaopanda ukutani polepole na uharibifu wa mchwa havilipwi, kwa kuwa bima hukinga tukio la ghafla na si matokeo ya kutokufanya matengenezo. Wizi usio na dalili za kuvunja, hususan unaofanywa na mtu anayeishi ndani ya nyumba, mara nyingi haulipwi. Nyumba inayoachwa tupu kwa muda mrefu, kwa mfano zaidi ya siku 30 mfululizo, inaweza kupoteza sehemu ya kinga hadi kampuni ijulishwe. Jambo hili linawahusu hasa Watanzania wanaoishi nje ya nchi na waliojenga nyumbani, pamoja na watumishi wanaohamishwa vituo vya kazi.

Matumizi ya nyumba nayo ni jambo la kutajwa. Nyumba iliyoelezwa kuwa ya makazi lakini ina duka la gesi, karakana ya kuchomelea au saluni ina hatari tofauti na ile ambayo kampuni iliikubali. Bima hujengwa juu ya msingi wa uaminifu wa hali ya juu: anayeomba bima hutakiwa kueleza ukweli wote unaoweza kuathiri uamuzi wa kampuni, hata kama hakuulizwa. Taarifa iliyofichwa inaweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia yote.

Thamani ya kuandika katika mkataba

Kosa linalowagharimu wenye nyumba wengi ni kuchanganya bei ya soko na gharama ya kujenga upya. Bei ya soko hujumuisha ardhi. Ardhi haiungui, haibomoki kwa dhoruba na haihitaji kujengwa tena. Kwa mfano, nyumba inayoweza kuuzwa kwa Sh milioni 200 katika eneo ambalo kiwanja pekee kina thamani ya Sh milioni 90 haipaswi kukatiwa bima ya Sh milioni 200. Kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga upya: vifaa, ufundi, michoro, vibali na kuondoa kifusi. Kampuni hailipi zaidi ya hasara halisi, hivyo kiasi kinachozidi huongeza ada bila kuongeza fidia.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Baadhi ya watu huandika thamani ndogo kwa makusudi ili walipe ada ndogo, wakiamini kuwa hasara itakuwa ya sehemu tu ya nyumba. Mikataba ya bima ya mali ina kanuni ya uwiano: mwenye nyumba aliyekata bima pungufu huhesabiwa kuwa amejikatia mwenyewe bima ya sehemu iliyobaki.

Mfano ufuatao unaonesha hesabu yake. Nyumba inagharimu Sh milioni 120 kujengwa upya, lakini imeandikwa Sh milioni 80. Moto unateketeza jiko na sehemu ya paa, hasara ikiwa Sh milioni 30. Kwa kuwa bima iliyokatwa ni theluthi mbili ya thamani inayotakiwa, fidia nayo huwa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh milioni 20. Sh milioni 10 zilizosalia hubaki kwa mwenye nyumba.

Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa ada ni Sh 2 kwa kila Sh 1,000 za thamani, bima kamili ingegharimu Sh 240,000 kwa mwaka na bima pungufu Sh 160,000. Mwenye nyumba aliokoa Sh 80,000 kwa mwaka na akapoteza Sh milioni 10. Ingemlazimu kukaa miaka 125 bila hasara ili nafuu hiyo ilingane na alichopoteza.

Njia ya uhakika ya kupata thamani sahihi ni kumtumia mthamini aliyesajiliwa au mkadiriaji majengo. Kwa nyumba ya kawaida, makadirio ya mkandarasi anayejua bei za sasa za saruji, nondo, mbao na bati katika eneo husika ni bora kuliko kukisia. Thamani hiyo ipitiwe kila mwaka mkataba unapohuishwa. Hili lina uzito wa pekee nchini kwa sababu nyumba nyingi hukamilishwa kwa awamu: iliyokatiwa bima ikiwa na vyumba vitatu na sakafu ya saruji inaweza kuwa imeongezwa dari, marumaru, uzio na vyumba vya nje ndani ya miaka miwili, ilhali mkataba umebaki na thamani ya zamani.

Swali jingine la kuuliza ni namna fidia itakavyokokotolewa. Baadhi ya mikataba hulipa gharama ya kununua au kujenga kipya. Mingine hupunguza thamani kulingana na umri wa kitu, hivyo jokofu la miaka minane hulipwa kama jokofu la miaka minane.

Njia halali za kupunguza ada

Baada ya thamani kuandikwa sawasawa, zipo njia kadhaa za kupunguza gharama bila kudhoofisha kinga.

Ya kwanza ni kulinganisha. Ni vyema kupata makadirio ya kampuni tatu au zaidi, kwa thamani ileile na majanga yaleyale, kisha kulinganisha ada, mambo yaliyoachwa nje na kiasi cha kujigharamia. Ada ndogo kuliko zote inaweza kuwa ya mkataba usiokinga mafuriko. Dalali wa bima aliyesajiliwa anaweza kumsaidia mteja kulinganisha kampuni mbalimbali, wakati wakala huuza bima za kampuni anazoziwakilisha. Benki zenye leseni nazo huuza bima kama mawakala. Kwa wanaohitaji utaratibu unaozingatia misingi ya Kiislamu, bima ya takaful inapatikana pia nchini.

Ya pili ni kiasi cha kujigharamia, maarufu kwa jina la eksesi. Hiki ni kiwango cha hasara ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Kadiri kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ada inavyopungua. Uamuzi ufanywe kwa hesabu. Kama kupandisha eksesi kutoka Sh 500,000 hadi Sh 1,500,000 kunapunguza ada kwa Sh 35,000 tu kwa mwaka, mzigo wa ziada wa Sh 1,000,000 utafidiwa na nafuu hiyo baada ya karibu miaka 29. Nafuu ikiwa Sh 200,000 kwa mwaka, miaka mitano inatosha. Kwa vyovyote vile, eksesi isizidi kiasi ambacho familia inaweza kukipata kwa muda mfupi bila kukopa.

Ya tatu ni kupunguza hatari yenyewe. Nyaya za umeme zilizowekwa na fundi mwenye leseni, kizimamoto kinachokaguliwa, king'amua moshi, kinga ya radi, madirisha yenye nondo, kufuli imara na ulinzi ni mambo ya kutajwa wakati wa kuomba makadirio, kwa kuwa kampuni huweza kuyazingatia katika kupanga ada. Jengo la matofali na bati hutozwa ada tofauti na la makuti au nyasi. Mteja anayesema kuwa ana kizimamoto au mlinzi akumbuke kuwa kauli hiyo inaweza kuwa sharti la mkataba. Kizimamoto kilichokwisha muda wake hakimsaidii siku ya moto wala siku ya madai.

Ya nne ni kuunganisha bima. Anayekata bima ya gari, ya biashara na ya nyumba katika kampuni moja anaweza kuomba punguzo. Anayemaliza miaka kadhaa bila madai naye ana haki ya kuuliza iwapo historia hiyo inampa nafuu.

Ya tano ni namna ya kulipa. Ada ya mwaka mzima ikilipwa kwa mkupuo inaweza kuwa nafuu kuliko ya awamu. Ikiwa awamu haiepukiki, tarehe zizingatiwe, kwa kuwa kuchelewesha malipo kunaweza kusimamisha kinga. Katika kulinganisha, ni muhimu kuuliza kama ada iliyotajwa imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ili tofauti ya bei isiwe ya kodi tu.

Ya sita ni kuepuka kukata bima mbili kwa mali moja. Mwenye mikataba miwili ya nyumba ileile halipwi mara mbili. Kampuni hugawana hasara, naye huwa amelipa ada mbili kwa fidia moja.

Nyumba iliyo chini ya mkopo

Benki inayokopesha kwa dhamana ya nyumba hutaka nyumba hiyo iwe na bima, na jina la benki huandikwa katika mkataba kama mwenye maslahi. Mkopaji anapaswa kuuliza mambo matatu. Kwanza, kama anaruhusiwa kuchagua kampuni ya bima. Pili, kama thamani iliyoandikwa ni gharama ya kujenga upya au ni salio la mkopo tu. Bima inayoishia kwenye deni humlinda mkopeshaji, lakini nyumba ikiteketea familia inaweza kubaki bila deni na bila makazi. Tatu, kama makato anayolipa ni ya bima ya nyumba au ni ya bima ya maisha ya mkopaji, ambayo hulipa deni mkopaji anapofariki. Hizo ni bima mbili tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kabla ya kulipa na baada ya hasara

Biashara ya bima Tanzania Bara na Zanzibar husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 394. Kabla ya kulipa, mwananchi ahakikishe kuwa kampuni, dalali au wakala ana leseni hai ya mamlaka hiyo. Ada ilipwe kupitia njia rasmi za kampuni na si katika namba ya simu ya mtu binafsi, na risiti pamoja na hati ya bima zipatikane. Hati isomwe yote, hasa ukurasa wenye thamani, eksesi na mambo yaliyoachwa nje.

Orodha ya vitu vya ndani, pamoja na picha na risiti za vile vya thamani, iandaliwe mapema na nakala yake ihifadhiwe nje ya nyumba, kwa mfano kwa ndugu au katika barua pepe. Orodha iliyoungua pamoja na nyumba haiwezi kuthibitisha dai lolote.

Janga likitokea, jambo la kwanza ni usalama wa watu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba ya dharura 114. Baada ya hapo kampuni ijulishwe mara moja kwa maandishi, kwa kuwa mikataba huweka muda wa kutoa taarifa. Wizi uripotiwe polisi, na kwa moto taarifa ya Zimamoto iombwe. Uharibifu upigwe picha kabla ya kusafisha. Mwenye nyumba anatakiwa kuzuia hasara isiongezeke, kwa mfano kufunika paa lililo wazi kwa turubai, lakini asibomoe wala kutupa mabaki kabla ya mkadiriaji wa hasara kuyakagua.

Fidia ikikataliwa au ikiwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, mwananchi aombe sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko TIRA, ambayo ina makao makuu jijini Dodoma na ofisi katika kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa mujibu wa sheria hiyo ili migogoro ya aina hii iweze kumalizwa bila kuanzia mahakamani. Asitie saini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla ya kuridhika na kiasi, kwa sababu saini hiyo inaweza kufunga dai lake.

Kabla ya kuhuisha mkataba kila mwaka, mwenye nyumba anaweza kujiuliza maswali manne: Je, thamani iliyoandikwa inatosha kujenga nyumba hii leo? Je, hatari kubwa ya eneo hili imetajwa? Je, eksesi inalipika? Je, kuna jambo lililobadilika katika nyumba ambalo kampuni haijaambiwa? Majibu yakiwa sahihi, ada inayolipwa, hata ikiwa ndogo, itakuwa imenunua kinga ya kweli.